Siku Nne Bila Pua

Usimwone vile na ndala zake. Kwenye banda lile la mwani, pua yake ilikuwa mashine. Miaka kumi na moja, kila asubuhi, alipita kwenye mirija ishirini ya kioo iliyojaa maji ya kijani, yenye mwani mdogo kama vumbi, yanayotoka mapovu, akafungua kifuniko, akanusa, akasonga mbele. Mwani mzima hunukia nyasi zilizofyekwa sasa hivi. Ukiharibika hunuka soksi. Vipimo hulijua hilo kesho yake. Ndiyo maana wakamwita Mama Pua, na jina lenyewe alilipenda mno.

Jumatatu mafua yakamziba. Si angesema tu? Thubutu! Aliona haya, akavunga. Akafungua, akainama, akasema safi. Jumanne safi. Jumatano safi.

Alhamisi msimamizi, kijana aliyemheshimu kama mama yake mzazi, akaamua wachukue mbegu, yaani maji ya kuoteshea mirija mingine, kwenye mrija wa tatu. Mingine kumi na tisa ilikuwa imevunwa nusu ili ikamuliwe rangi ya buluu, na sasa ilingoja kuongezewa mbegu hiyo. Mama Pua akaangalia kitako cha ule wa tatu. Palikuwa na umanjano kidogo, wa kutilia shaka tu. Mbegu ikiwa mbovu, banda zima limekwisha.

"Nusa mara ya mwisho, mama, tuanze," kijana akasema, mpira wa pampu mkononi.

Akainama. Hata angeozea mbuzi mle ndani, asingejua. Akisema, miaka yake kumi na moja inakwenda na maji. Asiposema, mwani wote unakwenda.

"Usiwashe pampu, mwanangu. Sisikii harufu. Tangu Jumatatu nakudanganya."

Kijana akauweka mpira chini. Akachukua tone, akalitazama kwenye hadubini kwa muda mrefu, kisha akampisha. Vidudu walikuwa wakiogelea, matumbo yamejaa kijani. Wakapima mirija yote; mingine ilikuwa mizima. Akamwambia akaumwage wa tatu. Hakumwita mama.

Pale mtaroni, maji yakichuruzika, pua ikazibuka. Soksi! Machozi yakamtoka. Kijana akamuuliza kama sasa anasikia, akasema anasikia. "Vizuri," kijana akasema, kisha akaenda mwenyewe kufungua vifuniko kumi na tisa, akinusa kimoja kimoja.