Mifuko ya Chumvi Tumboni mwa Ng'ombe

Kwetu Ihanja, chumvi ya mifugo ililetwa ndani ya vikapu vya ukindu. Chumvi ikiisha, ulimtupia ng'ombe kikapu, naye alikilamba, akakitafuna mpaka kikaisha. Kupoteza chumvi iliyonasa kwenye ukindu ilikuwa dhambi ndogo. Ilipokuja biashara huria, maduka yalijaa vitu na chumvi ikaanza kuja kwenye mifuko ya nailoni, myepesi, inayong'aa. Sisi hatukubadilisha kitu. Anayetucheka leo aje anionyeshe alivyojua mapema.

Mwaka ule dada yangu alifariki akijifungua, akatuachia mtoto. Mtoto aliishi kwa maziwa ya ng'ombe wetu mmoja tu. Kwa hiyo ng'ombe yule alipoacha kucheua, tumbo likavimba upande wa kushoto na maziwa yakakauka, nyumba nzima ilishikwa na hofu. Bwana mifugo alimpapasa, akatikisa kichwa.

"Mzee, mchinjeni leo, asije akafa kibudu."

Baba alichinja. Alipopasua tumbo kubwa, kisu kiligoma. Kilichotoka nilidhani ni ndama asiyekamilika. Lilikuwa bonge la mifuko, imeshikamana hata vidole vya baba havikupata pa kuanzia kuibandua. Sikuamini macho yangu. Mifuko ile ya chumvi tuliyoidharau, myepesi hata ya kupeperushwa na upepo uani, ng'ombe alikuwa ameitafuna miezi mingi na haikukatika. Ilivutika tu, ikagandana. Katikati, mfuko mmoja ulikuwa umejifunga wenyewe, umejaa maji ya tumboni, umetuna kama kibofu. Baba aliubonyeza kwa kidole, ulibonyea, ukarudi. Alipoukanyaga kwa nguvu ndipo ulipopasuka, na maandishi yake ya bluu bado yalisomeka.

"Nani kampa hii?" aliuliza.

Nilijibu, "Mimi, baba. Nilikuwa nampa alambe chumvi iliyobaki."

Nilingoja kofi. Badala yake aliketi pale pale, penye damu.

"Na mimi nilimpa," alisema. "Mingi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Mtoto, ambaye hakuwa amenywa kitu tangu asubuhi, alikuwa mgongoni mwake.

"Mimi nilimpa kila nilipomaliza kukamua," alisema. "Nilitaka maziwa ya mtoto yaongezeke."