Malori Mia Tatu na Arobaini na Moja

Kuna aibu za kufunika na kuna aibu ambazo ukizifunika zinakuwasha kama upupu, na hii yangu imeshaniwasha vya kutosha, kwa hiyo leo naisema yote na anayetaka kucheka acheke. Mimi, Faraja, mtoto wa Njombe mjini, mwenye stashahada yangu imewekwa kwenye fremu sebuleni kwa mama, niliwahi kusimama mbele ya ukumbi uliojaa watu nikasema kwa sauti ya kujiamini kwamba barabara ya vumbi ya kijiji kimoja upande wa Kidugala inapitisha malori mazito mia tatu na arobaini na moja kwa siku moja. Barabara ambayo kuku wanajilaza katikati wakiota jua na hakuna anayewasumbua!

Nilikuwa nimepata kibarua cha kuhesabu magari. Dokta mmoja wa chuo kikuu (mama mfupi, mpole, anayevaa makoti mawili na bado anatetemeka, maana baridi yetu haijui cheo) alikuwa amekuja kukadiria moshi wa magari ya mkoa mzima. Siku ya kwanza nilimuuliza, kwa ushamba wangu, huo moshi wa mkoa mzima tunaukamataje, au tunamfukuza kila dereva tukiwa na mfuko wa nailoni? Akacheka mpaka miwani ikaingia ukungu.

"Hatuukamati, Faraja, tunaukadiria," akasema. "Ukijua yamepita magari mangapi, ya aina gani, yanatembea kilometa ngapi, na kila aina inatoa uchafu kiasi gani kwa kilometa moja, unazidisha, unajumlisha, basi. Kila barabara inapata rangi yake kwenye ramani."

Jamani, nilibaki mdomo wazi. Yaani hesabu ile ile ya kuzidisha iliyonitoa machozi darasa la nne ndiyo inayoweza kuuweka moshi wa mkoa mzima, kuanzia Matamba mpaka Liganga, kwenye karatasi moja? Nilimtazama yule mama nikaona kama anazungumza na mbingu.

Halafu tukaenda Makambako, na huko ndiko nilikomalizika kabisa. Mimi nimepita Makambako tangu utotoni, lakini kupita ni kupita na kusimama pale njia panda kutwa nzima ukihesabu ni jambo jingine. Malori yanatoka Iringa yanaelekea Mbeya, mengine yanatoka Zambia na mizigo sijui ya nini, mengine yanakata kuja kwetu Njombe na kuendelea Songea, yanapishana, yanapumua, yanafuatana kama siafu, na ukidhani yameisha unaona taa nyingine zinachomoza kwenye ukungu. Dokta alifunga kitambaa cheupe kwenye nguzo asubuhi, jioni akakifungua kimekuwa na rangi ya tako la sufuria ya kuni. Nilipopenga kamasi zangu zilikuwa nyeusi, na badala ya kuona kinyaa nilizitazama kwa heshima. Usiku wa siku ile hata ungeniambia malori yanazaana ningekubali.

Siku ya tatu, Jumamosi, nikapelekwa peke yangu kwenye hiyo barabara ya kijijini. Maagizo yalikuwa mepesi: kila gari likipita, chora kijistari kwa kalamu kwenye fomu, na kila baada ya dakika kumi na tano jumlisha uandike. Lakini ilikuwa mwezi wa sita, na anayeijua Njombe ya mwezi wa sita anajua kwamba saa moja asubuhi vidole vinakuwa vya mtu mwingine. Nikaamua (ndiyo, ni hapa, hapa hapa ndipo mambo yalipoharibikia) kwamba kalamu na iende zake. Mjomba wangu anapokea kreti za parachichi, na huzihesabu kwa kile kidude cha kubonyeza kwa kidole gumba, ukibonyeza namba inaruka. Nilikuwa nimekiazima kwake. Nikakivaa mkono wa kushoto, nikavuta juu yake glavu nene ya sufi, nikajiambia hiki kitakuwa cha malori tu, na magari madogo na bodaboda nitayahesabia kokoto mfukoni. Jumla nitaiandika jioni nikiwa karibu na moto. Nilijiona mjanja kuliko Dokta.

Nilichokuwa sijui ni kwamba siku hiyo kulikuwa na maziko. Bibi mmoja mkubwa wa kijiji alikuwa ametangulia mbele za haki, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale njia ya makaburini inapoachana na barabara, nimevaa koti jeusi, nimejifunga kitenge cheusi kwa ajili ya baridi, na macho yananitoka machozi kwa ule ukungu na kwa mafua niliyotoka nayo Makambako. Hebu niambieni, nyinyi mngepita mkadhani mimi ni nani?

Kwaya ikatangulia inaimba, jeneza likafuata kwenye gari dogo (nikatia kokoto), halafu wakaja watu. Mzee wa kwanza akasimama mbele yangu, akavua kofia, akanipa mkono. "Kamwene. Pole sana, binti." Sasa mkubwa akikupa mkono utafanyaje? Kwetu hatukulelewa hovyo: unainama, unatoa mkono wa kulia, na wa kushoto unaushikilia wa kulia karibu na kiwiko, ndiyo heshima yenyewe. "Kamwene, baba. Asante." Nilitaka kumweleza kwamba mimi ni wa magari, si wa msiba, lakini nyuma yake alikuwepo mama mwingine mkono uko tayari, na nyuma ya huyo mwingine, mstari umejipanga mpaka kanisani. Nikainama, asante. Nikainama, asante mama. Mama mmoja akanikumbatia akaniambia, "Usilie hivyo, mwanangu, alikula chumvi nyingi," na mimi, mafua yangu na yote, nikaanza kulia kweli! Ilichukua muda mrefu sana. Vijana nao wakapita, hao niliwapa mkono mmoja tu, na walipomaliza kuzika wote wakarudi kwa njia ya bondeni nikabaki na kuku wangu.

Jioni nikavua glavu, nikasoma: mia tatu na arobaini na moja.

Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilishtuka, halafu nikastaajabu, halafu nikaanza kujivunia. Nikajiambia nilikuwa nashughulika na waombolezaji huku kidole changu chenyewe kinafanya kazi (niliamini hivyo, nacheka hata sasa), na nikatafuta sababu, nikaipata: malori yanakwepa mizani ya barabara kuu kwa kuzungukia kijijini! Kwa Makambako niliyoiona, kwa nini isiwezekane? Kwenye fomu kuna sehemu ya maoni, nikaandika kwa herufi kubwa: WANAKWEPA MIZANI. Neno msiba sikuliandika.

Dokta alipoiona namba aliniuliza mara mbili. "Una uhakika, Faraja?" Nikamwambia nina uhakika. Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Tena alikuwa ameniahidi kwamba kazi ikipokelewa vizuri nitakwenda naye mkoa unaofuata nikiwa msimamizi wa wahesabuji, na mama alishawatangazia majirani wote.

Siku ya kuwasilisha tukawa ukumbini Njombe mjini, maofisa mbele, madereva katikati, wenyeviti wa vijiji nyuma. Projekta ikawashwa na ramani ya mkoa ikajaa ukutani, na ukumbi wote ukavuta pumzi, mimi nikiwa wa kwanza ingawa nilishaiona. Ilikuwa nzuri ya kutisha. Moshi ambao kila siku tunaupungia mkono na kuusahau ulikuwa pale, umechorwa: Makambako nyekundu iliyoiva, barabara ya kuja Njombe ya chungwa, Makete na Ludewa kijani kwa mbali. Na pembeni, kama jeraha, kamstari kembamba kekundu kuliko Makambako yenyewe. Nikaitwa nieleze. Nikaeleza, na mizani nikaitia.

Ofisa mmoja mwenye tai nyekundu akapiga meza. "Kumbe ndio mchezo wao! Wiki ijayo tunaweka geti pale. Lori lolote zito marufuku mpaka tujiridhishe."

Nyuma akasimama mwenyekiti wa kijiji hicho, mzee mrefu mwenye koti la suti lililopauka mabegani. "Mheshimiwa, viazi vyetu vimeshang'olewa. Viko kwenye magunia vinangoja fuso la kuvibeba. Mkifunga wiki mbili tu, mmetuozesha mwaka mzima."

"Mzee, takwimu hazidanganyi," ofisa akasema, na mimi, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa kukubali.

Yakaja mapumziko ya chai. Nimeshika andazi langu nikaona yule mzee anakuja moja kwa moja kwangu, nikajua nimekwisha, anakuja kunigombeza. Akavua kofia, akanyoosha mkono.

"Kamwene, binti. Kwa taabu za msiba sikukushukuru. Ulikuja kumzika mama yangu. Nilikuona pale njiani, ulilia sana."

Nikaweka andazi, nikainama, mkono wa kulia nikampa, wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye kiwiko, na kidole gumba, jamani, kidole gumba kikakandamiza.

Nikautoa mkono, nikautazama. Nikaurudisha kwenye kiwiko. Kidole kikakandamiza tena. Mama wa kunikumbatia, babu wa kofia, mstari mpaka kanisani, wote nikawaona wakipita mmoja mmoja, na kila mmoja ni lori.

Sitawadanganya, wazo la kunyamaza lilikuja, tena lilikuja limevaa vizuri. Nani angejua? Ningekwenda na Dokta, mama angefurahi, namba ingekaa kwenye ramani yake. Lakini mkono wa yule mzee ulikuwa bado una joto kwenye mkono wangu, na viazi vyake viko kwenye magunia. Watu waliporudi kuketi nilikwenda mbele kabla Dokta hajafungua mdomo, nikasema, "Naomba radhi. Yale si malori. Ni salamu."

Ofisa wa tai akauliza, "Ni nini?"

Nikaeleza mpaka mwisho, baridi, glavu, msiba na kidole. Dokta alinyoosha mkono akaniomba kidude. Kilikuwa kwenye mkoba pamoja na glavu. Akakirudisha sifuri mbele ya watu wote, akanivalisha mkono wa kushoto, akavuta juu yake glavu yangu mwenyewe, akamwita mzee. Mzee akanipa mkono, nikainama. Dokta akavuta glavu akasoma: "Moja."

"Lori!" akapiga kelele dereva mmoja kutoka katikati, na ukumbi ukapasuka. Wakaanza kuja wenyewe kupima. Mama mmoja miongoni mwa maofisa akanipa mkono, "Lori!" Mchungaji mmoja mzee, "Lori!" Hata ofisa wa tai nyekundu akaja akijifanya mkali, nikainama, ukumbi mzima ukaimba kwa pamoja, "Loriii!", na mtu nyuma akaongeza, "Hilo ni semi, limezidisha uzito!" Nilitamani sakafu ya ukumbi ifunguke niingie na glavu zangu.

Kicheko kilipotulia yule mzee alikuwa bado amesimama pembeni yangu, na yeye hakuwa akicheka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, lakini ukumbi mzima ukasikia:

"Ulisema mia tatu na arobaini na ngapi?"

"Na moja, baba."

"Toa matatu. Fuso la viazi lilikwenda na kurudi, na moja la tofali. Siku ile hakukuwa na lori jingine."

"Mia tatu na thelathini na nane, baba. Na hao ni wakubwa tu. Vijana sikuwashikia kiwiko."

Akavua kofia, hapo hapo ndani ya ukumbi, akaishika kifuani. "Nyumbani tumebishana wiki nzima walikuja wangapi," akasema. "Mimi nilisema mia moja. Wa nyuma yangu sikuwaona, nilikuwa natazama chini." Kisha akaniomba nimwandikie ile namba kwenye karatasi, kwa kalamu, nami nikaiandika kwa uangalifu kuliko siku ya mtihani, maana ndipo nilipoelewa nilichokuwa nacho chini ya glavu siku ile: watu mia tatu na thelathini na nane waliotoka vijijini kwa miguu kwenye baridi ile kumsindikiza bibi mmoja, na kila mmoja alisimama kumpa pole mtu asiyemjua. Makambako na malori yake yote haikunistaajabisha hivyo.

Geti halikuwekwa. Mkoa uliofuata Dokta alikwenda na mtu mwingine, haki yake, na mimi alinirudisha kijijini kuhesabu upya juma zima kwa kalamu. Malori yalikuwa mawili, siku nyingine matatu, na kamstari kakawa kijani.

Tangu hapo nimeapa, gari nitalihesabu kwa kalamu hata vidole vikatike. Na nikimwona mkubwa anakuja, kalamu naiweka chini kwanza, nampa mikono yote miwili mitupu. Lori likipita nyuma yangu dakika hiyo, na lipite, nitaandika kwenye maoni.