Radhi za Mama Zilitolewa Jikoni

Enzi zetu pale Muyeye, mtoto hakuamshwa na simu. Aliamshwa na mbuzi ya kukunia nazi. Kwaru, kwaru, na juu yake sauti ya Mama akivuta uradi wake wa baada ya sala ya alfajiri, mkono wakuna, mdomo wamtaja Mola. Ukijitia kulala ulisikia, "Zuhura! Jua likukute na mate shavuni?" Tukaamka, tukala mahamri kwa mbaazi za nazi, tukaenda chuoni kusoma Kurani, vidole vyanukia iliki. Watoto wa leo hula mkate wa dukani wakasema wameshiba. Haya.

Jioni tulicheza kombolela mpaka vumbi likashika nyusi, kisha sote tukamiminika barazani kwetu, maana Mama aliuza viazi vya karai. Nasema bila haya: Malindi nzima hapakuwa na viazi kama vile. Ukwaju wake ulikufumbisha jicho moja, na bado ukataka kuongezwa.

Nilipoingia darasa la saba, Mama akapatikana na saratani ya titi. Mtaani hakuna aliyeitaja. Walisema "ugonjwa ule", tena kwa sauti ya chini, kana kwamba umekaa chumba cha pili wawasikiliza. Mama akaudhika. "Ni saratani. Itamkeni, haina haja ya heshima." Alikwenda Mombasa kutiwa dawa za mshipani, akarudi hana nywele, hana nyusi, hata maji ayatapika. Lakini adhana ikilia alijikokota akatia udhu, akasali ameketi. "Mimi nimeumbwa na Mungu," alisema, "na hii nayo imeumbwa naye. Sote wawili tu mkononi mwake. Niiogope ya nini?"

Kisha watu wakaanza kuja kutaka radhi. Kwetu pwani, mgonjwa akionekana safari yake imekaribia, jamaa na majirani humwendea mmoja mmoja wawiane radhi, asije akafumba macho na kinyongo. Desturi nzuri, siikatai. Kosa lao ni kuja mapema. Wa kwanza alikuwa Bi Rehema, jirani yetu wa ukuta mmoja, leso usoni, kilio keshakianzia mlangoni.

"Mama Zuhura, kama nilikukosea, niwie radhi, mwenzangu."

Mama akamtazama. "Kwani naenda wapi?"

"Aa, twasema tu. Binadamu ni binadamu."

"Basi mimi radhi sitoi kitandani. Azitakaye anifuate jikoni."

Na akainuka! Wallahi aliinuka, kashika ukuta, Bi Rehema nyuma yake na buibui lake, hajui acheke au alie. Akapewa kisu na beseni la viazi. Tangu siku hiyo kila aliyekuja kumuaga Mama alipewa kazi: huyu amenye, yule aroweke ukwaju, mwingine achambue mbaazi. Wakimaliza, Mama husema, "Nimekuwia radhi. Kesho uwahi kidogo." Karai likarudi barazani, moto ukawaka.

Mama Njeri, aliyehamia mtaani kutoka bara na asiyejua desturi zetu, yeye alikuja na sahani tu. "Mama Zuhura, nimekuombea kanisani jana. Na watoto wananisumbua, leo viazi viko?" Mama akacheka mpaka akashika kifua. "Huyu ndiye hajaniaga," akasema, akamjazia sahani.

Mimi sikuomba. Nilizitaka radhi zile kuliko wote, maana tulifunzwa kuwa mtoto asiye na radhi za mama hana njia. Lakini niliona nikilitamka neno hilo tu, nimekubali kuwa anaondoka. Kwa hivyo nilikaa miguuni pake kimya, huku naogopa asije akaenda kabla sijamuomba.

Ramadhani yake ya mwisho daktari alimkataza kufunga. Hapo ndipo nilipomuona akilia, si kwa maumivu, ni kwa saumu. Kisha akajifuta machozi, akasema kama hafungi basi atawapikia wanaofunga. Mikono ilikuwa haina nguvu tena, nikakalia mbuzi mimi, naye mkekani kando yangu na tasbihi yake.

"Wote wamekuja kuniomba," akasema. "Wewe mbona huombi?"

Nikaacha kukuna, nikainama.

Akaweka mkono kichwani pangu. "Zako unazo tangu tumboni, mwanangu. Haya, kuna nazi. Magharibi yaja na tui hatuna."

Alifariki baada ya Idi. Matangani nikamsikia mtu akisema saratani imemshinda. Imemshinda nini? Imechukua mwili. Sala haikumchukulia hata moja, wala kicheko. Mpaka leo anisemeaye hivyo mbele yangu hatuelewani.

Siku hizi radhi zatumwa kwa simu. Mwaka huu Ramadhani ilipokaribia, binti yangu alinitumia ujumbe wenye maua na mwezi: "Naomba msamaha kwa niliowakosea." Ujumbe huo huo akautuma kwa fundi wake wa nguo na kwa darasa lake zima. Nikampigia.

"Radhi zangu hazipiti kwenye simu," nikamwambia. "Njoo, mbuzi iko hapa."

Akaja, kucha ndefu, akikuna nazi na kulalamika, nusu ya nazi yamwagika chini. Nikamuacha anune weee. Kisha nikaweka mkono kichwani pake, pale pale Mama aliponiwekea mimi.

"Zako unazo tangu tumboni," nikamwambia. "Haya, kuna."