Mteja wa Jumapili

Kazi yangu ni kutafuta maji yanayopotea. Kampuni ya Kiholanzi iliyoniajiri ilinileta Johannesburg kwa mkataba wa miaka miwili, nikae mbele ya kompyuta nikiangalia presha ya mabomba, na siku nyingine nipande gari la kazini kwenda kwenye matangi yaliyo juu ya vilima. Maji yanaingia tangini, yanatoka, na kabla hayajamfikia mtu jikoni kwake sehemu kubwa imeshaishia ardhini. Tunaandika ripoti. Ripoti inakwenda kwa wakubwa, wakubwa wanatushukuru sana, na bomba linaendelea kuvuja. Haikuchukua muda nikajua kwamba sitaona hata bomba moja la maana likizibwa kabla mkataba haujaisha. Wenzangu walijua pia, ila kila Jumatatu tulikutana kwa bashasha kuzungumzia malengo ya wiki.

Mimi ni Mholanzi. Nalisema mapema kwa sababu watu hupenda kunibishia. Nilizaliwa Rotterdam, na mama yangu, mtu wa Tanga, alinilea kwa Kiswahili ndani na Kiholanzi nje. Tukishafunga mlango, Kiholanzi kilibaki kwenye ngazi pamoja na viatu. Kwa hiyo nina lugha mbili na pasi moja, na tabia zangu nyingi ni za huko. Nakula mkate na jibini mchana, nachukia kuchelewa, na mtu akiniambia "tutaonana" namuuliza lini.

Baba sikuwa naye. Mama alikwenda Uholanzi kutunza wazee wa watu akiwa na mimba yangu, na baba alikuwa amfuate. Akasema kwanza aende Afrika Kusini akachume nauli. Akaenda, na akabaki hukohuko. Mama hakuwahi kumsema vibaya. Nikimuuliza alijibu, "Baba yako yuko Johannesburg," kwa sauti ileile ambayo angemwelekeza mtu duka la mkate. Kampuni ilipotafuta wa kuja huku, niliinua mkono kabla meneja hajamaliza kusema. Niliwaambia watu kwamba napenda maji.

Shoga mmoja wa mama ndiye aliyenielekeza: mtaa wa La Rochelle, mgahawa mdogo, ulizia mpishi wa pilau wa Tanga. Nilimkuta anakaanga kuku.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pilau au wali?"

Moyo uliniruka, halafu nikajiambia nisiwe mjinga. Kwa Waswahili kila mtu mzima humwita kijana mwanangu. Nikamtajia jina la mama. Akamgeuza kuku kwenye mafuta, akamgeuza tena, akamgeuza hata yule aliyekuwa ameshaiva kabisa.

"Ngoja hawa wateja watoke," alisema.

Walipotoka alifuta mikono, akanitazama masikio kabla ya kunitazama uso. Masikio yangu yamechomoza. Ya kwake pia.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

Alinieleza upesiupesi, akichungulia mlangoni. Mkewe ni mwenyeji wa hapa, Mzulu, alisilimu ndipo wakaoana. Hajui kwamba Tanga palikuwa na mtu, sembuse mtoto Ulaya. Wana binti mmoja. "Nipe muda, mwanangu. Nitalisema mwenyewe. Hili si jambo la kukurupuka."

"Muda gani?"

"Muda tu."

"Mpaka lini?"

Nilikuwa nimeshatoa simu na kufungua kalenda. Sitanii. Baba yangu alicheka mpaka akashika meza. "Mholanzi kweli wewe! Unataka nikupe tarehe?"

Ndiyo, nilitaka tarehe. Hakunipa. Alinipa pilau na paja la kuku, na mkewe alipoingia na vifurushi kutoka mjini, alimwambia kwamba mimi ni mteja mpya.

Nilichokitaka hakikuwa kikubwa. Nilitaka aseme mbele ya watu wake, huyu ni binti yangu. Mara moja ingetosha. Sikutaka nauli ya zamani, sikutaka aombe radhi, wala kuwavurugia nyumba yao hakukuniingia akilini. Nilitaka sentensi moja, na nilikuwa na miaka miwili ya kuingoja.

Basi wiki zangu zikawa na sura moja. Jumatatu hadi Ijumaa, mabomba. Jumamosi nilikuwa na Waholanzi wenzangu kaskazini mwa jiji, kwenye nyumba za kuta ndefu na nyaya za umeme juu. Asubuhi tuliendesha baiskeli kwa kundi, na baada ya hapo tulikunywa kahawa ambayo tarehe yake ilipangwa wiki tatu kabla. Siku ya sherehe ya mfalme tulikusanyika kwenye bustani ya mtu, wote tumevaa rangi ya machungwa, tukiimba na kunywa bia mchana kweupe. Mzee mmoja akanisifu kwamba nimejifunza Kiholanzi vizuri ajabu. Nikamjibu kwamba yeye pia anajitahidi. Wenzangu walicheka, mimi sikucheka.

Jumapili nilikwenda La Rochelle. Nilipita mjini katikati, ambako robot, yaani taa za barabarani, nyingi zilikuwa zimekufa na kila dereva alijifanya yeye ndiye mwenye zamu, kisha nikateremka kusini mpaka kwenye mgahawa. Baba akiniona kwa mbali alianza vituko.

"Mtaalamu wa maji huyo kaja! Eish, na bomba limekauka tangu juzi. Mwanangu, maji yangu mmeyapeleka wapi?"

Wateja walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu alikuwa mcheshi kweli, na kwa sababu nilipenda kutaniwa na baba. Mkewe alinizoea akawa ananiwekea sahani bila kuniuliza nataka nini. Ni yeye aliyeniita mteja wa Jumapili, na jina likashika. Binti yao alikuwa na miaka kumi na mitano. Alielewa Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiingereza. Siku moja alivua mtandio jikoni ajifunge upya, nikayaona masikio. Ilinibidi nitoke nje nikasimame kando ya gari langu.

Siku ya Idi nilialikwa nyumbani kwao, nyuma ya mgahawa. Uani palitandikwa mikeka, Watanzania wakajaa, wa Dar, wa Tanga, wa Unguja, na baba akiwa ameshika upawa mbele ya sufuria kubwa. Mzee mmoja wa Kiunguja alisikia Kiswahili changu akafurahi. Akaniuliza swali ambalo kwetu mtu haulizwi kwa ubaya:

"Na wewe mtoto wa nani?"

Nilimtazama baba. Alikuwa hatua chache tu kutoka tulipo, na upawa ulisimama hewani. Nilijua amesikia.

"Mwache huyo," akasema, akicheka. "Huyo Mholanzi. Wale hawana ukoo, wana bima."

Ua zima likaangua kicheko. Lilikuwa dongo zuri, na lingesemwa juu ya mtu mwingine ningelirudia kazini. Usiku ule nilimpigia mama nikamwambia Idi imekuwa nzuri. Aliniuliza kama baba amenenepa.

Mwaka wa pili ulipoanza kuisha, nilikuwa natimiza miaka thelathini. Sasa lazima nieleze birthday ya Kiholanzi, kwa maana si sherehe kama mnavyoijua. Mwenye siku ndiye anayenunua keki. Viti vinapangwa duara, watu wanakaa, kila mmoja anapewa kipande kimoja na kikombe cha kahawa. Na kila anayeingia anazunguka duara lote akishika mikono, akipongeza kila mtu wa familia. Mama anaambiwa hongera kwa binti yako. Shangazi anaambiwa hongera kwa mpwa wako. Hata mchumba wa jana anaambiwa hongera kwa mpenzi wako. Wageni husema ni upuuzi, na pengine ni kweli. Lakini nilikaa katika duara hilo kila mwaka wa utoto wangu, nikamsikia mama akipongezwa peke yake, na watoto wenzangu wakiwa na wawili wa kupongezwa.

Nilimwambia baba tarehe. Nilitegemea visingizio.

"Nitakuja," alisema. "Na pilau nitapika mimi. Tutakuja sote."

Sote. Nilirudi kwenye gari nikiwa na neno hilo, na pale mbele ya spaza, kiduka cha mtaani, nililia kwa raha. Niliamini ameamua. Mtu haji na mkewe na mtoto wake kwenye jambo kama hilo bila kuwa ameamua, ndivyo nilivyojipigia hesabu. Kazini nilimwambia mwenzangu mmoja tu, dada wa Utrecht tuliyekaa naye meza moja: baba yangu anaishi hapa, atakuja. Alinikumbatia. Sikumwonya asiseme kitu, na sikusahau kumwonya. Nilijua Mholanzi atafanya nini akimwona baba wa mwenye birthday. Nilitaka afanye.

Siku ilipofika nilipanga viti duara sebuleni kwangu. Kimoja, karibu na changu, nilikiwekea mto. Wenzangu waliingia saa nane kamili, wakashikana mikono, wakapongezana wao kwa wao kwa kukosa ndugu. Yule wa Utrecht aliuliza mara mbili kama kiti chenye mto ni cha baba. Nikasema ndiyo.

Walifika keki ikiwa imekwisha. Mkewe alitangulia na bakuli la kachumbari, amevaa gauni jipya, akitabasamu kwa haya ya mtu anayeingia nyumba ya wageni. Binti akafuata. Baba akaja mwisho, amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa taulo, jasho likimtiririka. Alikuwa amevaa kanzu.

Mwenzangu wa Utrecht aliinuka kabla yangu. Alivuka duara kwa furaha, mkono mbele, akamwambia baba kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika na wote: hongera kwa binti yako!

Mkewe ndiye aliyejibu. Alimshika binti yao bega, akacheka. "Ahsante, sista, lakini leo si siku yake. Yake bado."

"Hapana, si huyo," mwenzangu akasema. Sisi Waholanzi hatuwezi kuacha kosa lipite. Akanyoosha mkono, akanionyesha mimi. "Yule."

Mkewe akanitazama. Binti akanitazama. Kisha wote wawili wakamtazama baba, na wenzangu kwenye viti pia, vikombe mkononi. Nilisubiri. Nilikuwa nimemsogezea kila kitu mpaka mdomoni, hakubakiwa na kazi ila kusema ndiyo.

Baba akacheka. Kicheko kilekile cha mgahawani, cha mtu mzuri.

"No, no, madam," alisema. "Mimi ni wa chakula tu."

Mwenzangu akawa mwekundu mpaka shingoni. Akaomba radhi mara tatu, kisha, kwa kutaka kuokoa hali, akamwonyesha mlango wa jikoni kwa adabu zote. Baba akaenda alikoonyeshwa. Mkewe akaguna kidogo, uso ukamlegea, akamwambia binti yake kwa Kizulu jambo lililowafanya wacheke wote. Nilimfuata baba jikoni. Nilikuwa nimejaa hasira, nikiwa na maneno ya Kiswahili na ya Kiholanzi, yote yamepangana. Alikuwa amesimama katikati na sufuria bado mikononi, kwa sababu meza ilijaa vyombo.

"Niiweke wapi, dada?" aliniuliza.

Hakuwahi kuniita dada. Mlango ulikuwa wazi, na mkewe alituona. Nikahamisha vyombo, nikamwonyesha mahali.

Alipakua yeye mwenyewe. Alizunguka duara akigawa sahani, akiwatania Waholanzi kwamba pilau haliliwi kwa kisu, nao wakampenda. Kwangu alileta sahani yenye nyama nyingi kuliko za wote, na alipoinama kuniwekea, wali ukamwagika kidogo kwenye gauni langu. Hakunitazama.

Mwenzangu wa Utrecht alisogea, bado ana aibu. Akaniuliza kwa kunong'ona, kwa Kiholanzi, kama baba yangu yuko njiani, au kile kiti kinaweza kutumika. Baba alikuwa palepale kando yetu, akikusanya wali ule kwa kitambaa. Kiholanzi hakijui.

"Haji," nilimwambia. "Mpe yule mama akae, amesimama muda mrefu."