Chupa Niliyoogopa Kuionja

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipopanda vijia vya Nkoaranga na baba yangu mdogo, nimevaa suti ya mtumba, nimekumbatia chupa ya kijani. Tulikwenda kumposa Elifuraha. Mama alikuwa amepika mbege ya posa, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nami nikamwambia abaki nayo, ni ya kizamani. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa nchini. Maduka ya Arusha yalijaa vitu vya ng'ambo, nasi vijana tukalewa kabla ya kunywa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Nilikuwa mpishi wa watalii wanaopanda Mlima Meru, na mmoja wao ndiye aliyeniachia chupa ile. Ilikuwa absinthi, pombe ya pakanga, ule mmea mchungu tunaousoma kwenye Biblia. Alinieleza kwamba kwao iliwahi kupigwa marufuku, watu wakidai inatia wazimu. Nikaiogopa, sikuigusa. Lakini kwa wakwe, nikasema, itanipa heshima. Usicheke, ujana ni maji ya moto.

Nikawamiminia wazee. Sasa, sisi Wameru tuna desturi: mwenye pombe huonja kwanza, watu wakimwona, ndipo wengine wanywe. Hata mtoto anaijua. Mzee Kaanaeli, baba yake Elifuraha, akanirudishia glasi.

"Onja, kijana."

Nikaiweka glasi chini. "Baba, nimesikia inaharibu akili."

"Ya kwako unaihurumia. Za kwetu je, hazina kazi?"

Hakuna aliyecheka. Elifuraha alisimama mlangoni ameinamisha uso, nami nikajua nimempoteza. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena.

"Nitampaje binti yangu mtu anayetunywesha anachokiogopa?" mzee akasema taratibu. "Nenda. Ukirudi, lete unachoweza kukinywa."

Nikaimwaga chupa yote shimoni. Mama hakunisema, alinipa ulezi nisage, akanionyesha ndizi za kuchemsha. Pombe ilipoiva nikarudi Nkoaranga, nikaonja mbele yao, nikampa mzee kibuyu kwa mikono miwili. Akanywa, akampa jirani yake. Nakuambia kwa kujidai, mwanangu, kifua changu kilijaa kuliko siku yoyote niliyofika kileleni Meru. Elifuraha ni mke wangu hadi leo.

Baadaye niliambiwa sifa mbaya ya absinthi ilitiwa chumvi, kwamba wengi waliumizwa na ukali wake na kuzidisha, kama wetu wanavyoumizwa na gongo. Huenda ni kweli. Mimi siku ile sikujua kama ni sumu au si sumu, na bado nilimimina.

Mwacha mila ni mtumwa. Utawapa watu mengi maishani: chakula, dawa, ushauri. Usimpe mtu yeyote kitu ambacho wewe mwenyewe huthubutu kukionja. Tangulia kuonja, tena hadharani. Ukishindwa, kimwage, hata kama kimetoka mbali. Mungu akubariki, mwanangu, na kila utakachokitoa kwa mkono wako, watu wakipokee bila kukutazama mara mbili.