Tulivyoomba Breki

Pikipiki ya mjukuu wangu haina breki. Si kwamba zimeharibika. Haikutengenezewa breki, ya mbele wala ya nyuma, na gia za kubadilisha haina. Ni injini, magurudumu mawili, kiti ambacho mimi nisingekalia hata kumenya vitunguu, na mtoto wa binti yangu juu yake. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia habari za spidwei, hizo mbio za pikipiki za kuzunguka uwanja, hunikatiza hapo hapo kwa mshangao, basi bora tulimalize mapema.

Nakaa Okolona, kusini mwa Louisville, karibu na maghala ambako nilifunga maboksi mpaka magoti yakakataa. Binti yangu wa mwisho yuko Uingereza. Tulikuwa kambi moja ya wakimbizi, tukasubiri pamoja, tukala unga uleule. Halafu jina lake likatoka upande wa Uingereza na langu upande wa Amerika, na hakuna aliyetuuliza. Mtoto alikuwa bado mgongoni kwa mama yake. Tangu siku ile sijamshika. Meno yake ya kwanza niliyaona kwenye simu, na kwenye simu hiyohiyo nikasikia sauti yake ikikatika na kuwa ya mwanaume. Ananiita Koko, kama watoto wetu wanavyomwita nyanya, na Kiswahili chake ni cha kuchechemea, lakini hajawahi kunijibu kwa Kiingereza. Wajukuu nilio nao hapa chumba cha pili wananijibu kwa Kiingereza kila siku. Namwambia kila mtu jambo hilo.

Nyumba waliyopewa huko ilikuwa karibu na uwanja wa mbio hizo. Majirani walilalamikia kelele, yeye akapanda ukuta kuangalia. Akaanza kwenda kusaidia kusawazisha udongo wa njia, mzee mmoja wa pale akamwazima pikipiki ndogo, na donc, basi, leo anavaa namba saba ya timu ya mji ule, ndani ya ligi ya kweli. Namba saba ni ya mtu wa akiba. Wanaosema hivyo kwa kudharau hawajui kwamba mtu wa akiba naye ana mbio zake, na kwamba mwenzake akichoka au kuumia, ni yeye anayeitwa.

Mimi sikusoma. Shule niliiacha nikiwa sijajua kuandika jina langu lote. Lakini spidwei haikuniomba cheti. Wanaume wanne wanapanga mstari mbele ya utepe, wawili wa timu ya nyumbani wenye helmeti nyekundu na bluu, wawili wageni wenye nyeupe na njano. Utepe unaruka juu, wanaondoka kama waliofukuzwa na nyuki, wanazunguka mara nne kwa kushoto tu, imekwisha. Wa kwanza anapata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho anapata vumbi. Unaweza kuwa katikati ya kikombe cha chai na mbio ikawa imepita. Halafu wanakuja wengine wanne.

Kinachonishika mimi ni kona. Hawapindi kama watu wengine. Wanatupa gurudumu la nyuma nje, mguu wa kushoto wenye kiatu cha chuma unaburuta chini, na wanaingia wakitazama upande mmoja huku wakienda upande mwingine, udongo ukiruka juu ya uzio mpaka kwenye bia za watu. Hapo ndipo mwendo wao unapopungua. Ulegevu kidogo tu, unaanguka. Woga kidogo tu, unaanguka pia. Nilipoona mara ya kwanza kwenye simu nilifunika uso kwa kitenge. Mara ya pili nilikishusha kidogo. Sasa nikitazama, mtu asiniletee habari za sufuria inayoungua.

Na wana jambo moja ambalo naliheshimu kuliko mwendo wao. Wanapokuwa wawili wa timu moja mbele, yule hodari hakimbii peke yake kujitafutia sifa. Nahodha wao, mwanaume mwenye mvi kwenye ndevu, nimemwona mara nyingi akiwa wa kwanza, kisha anageuza shingo, katika mwendo ule, kuangalia mjukuu wangu yuko wapi. Akimwona ameachwa, anajitanua kidogo upande wa nje, anawazibia wageni njia, anamngoja mtoto, wanafika mstarini bega kwa bega. Kwetu kwenye milima mtu aliyefunzwa kuchunga alitembea hivyo, jicho moja kwa ng'ombe wa mbele na jingine kwa ndama. Sikujua kwamba Wazungu wanafanya hivyo juu ya pikipiki.

Bon. Mwanzo wa msimu aliangushwa, akavunjika mfupa wa bega. Mama yake alilia kwenye simu, halafu akafanya alichopaswa kufanya: akampigia kaka yake. Katika ukoo wetu mtoto ni wa mjomba wake. Mama anaweza kulia, baba anaweza kufoka, mimi naweza kusema mpaka mate yakauke, lakini neno la mjomba ndilo linalofunga mlango. Na mjomba mwenyewe ni kifungua mimba wangu, anayekaa Columbus na kuendesha foklifti kwenye depo. Zamani, kabla hatujakimbia, alibeba abiria kwa pikipiki mjini Uvira. Ana kovu linaloanzia kiunoni mpaka gotini. Hakuwahi kutueleza vizuri lilivyopatikana, na sisi tuliacha kuuliza.

Alimjibu dada yake neno moja, kwamba mtoto aache.

Mjukuu wangu hakubisha. Angebisha ningemkemea mwenyewe. Aliniomba tu nimwombee kwa mjomba kitu kimoja: kwamba bega likipona, mjomba aangalie mbio za siku moja, kwa macho yake, mpaka mwisho, akishaona, atakachosema kitakubaliwa. Sikia hiyo akili. Nikampigia mwanangu, nikamwambia hata mwizi huwa anaonwa sura kabla ya kuhukumiwa. Akasema sawa, Jumamosi ile ya arusi ya jamaa zetu hapa Columbus, wote tutakuwa kwangu, tutaangalia. Lakini Mama, usitegemee.

Sasa lazima nieleze habari ya maombi, kwa sababu hapo tulikosea, na tulikosea kwa bidii.

Yaya, dada yangu mkubwa, anakaa Buffalo. Yeye ndiye anayeongoza maombi yetu ya simu: kila wiki wanawake wa Buffalo, wa Columbus na wa huku Louisville tunapiga namba moja, tunasikilizana kama tuko chumba kimoja, huyu akikaanga samaki, yule akitoka shifti. Kuna mgonjwa, tunamwombea. Kuna kesi ya karatasi za uhamiaji, tunaiombea. Nilipowaambia kwamba mtoto wetu anaendesha pikipiki isiyo na breki, laini yote ilipiga yowe. Kisha yaya akaanza, na akianza yeye hata Mungu anaweka kazi nyingine pembeni. Bwana, mpe mtoto breki. Bwana, wewe uliyesimamisha jua, breki kwako ni kitu gani. Tukaomba hivyo wiki baada ya wiki. Kuna mama mmoja wa Columbus alifunga kula kwa ajili hiyo. Na mimi niliitikia amina, mimi niliyejiona mjuzi wa spidwei.

Jumamosi ilipofika nilipanda gari la watu wa kanisa letu waliokuwa wanaenda arusini hukohuko. Nyumbani kwa mwanangu nilimkuta yaya ameshashuka kutoka Buffalo, amevaa kitenge cha sherehe na kilemba kilichoziba nusu ya televisheni. Mke wa mwanangu alikuwa ameweka sombe ya majani ya muhogo na mchele mezani. Huko Uingereza ilikuwa inaingia jioni, kwetu ilikuwa mchana mweupe, wakati wa mlo. Mwanangu hakula. Alisimama mlangoni mwa sebule, bega kwenye fremu, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Kabla hawajaanza mjukuu akapiga simu ya video. Alikuwa amevaa lile vazi la ngozi, nyuma yake watu wanakaza nati kwa spana. Akamsalimia mjomba kwanza, kwa adabu, macho chini. Mjomba akaitikia kwa kichwa. Yaya akainyakua simu, akamwambia asiogope, Buffalo nzima inamwombea apewe breki.

Mtoto akacheka. Halafu akaona hatucheki.

"Koko mkubwa, hapana," akasema. "Tuko wanne, karibu sana. Wa mbele akishika breki, wa nyuma anampanda mgongoni. Breki ndiyo ingetuua."

Yaya akanigeukia. "Sasa mimi nimeomba nini tangu Pasaka?"

"Umemwombea ajali, mama mkubwa," mwanangu akajibu kutoka mlangoni. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

"Mungu anajua nilichotaka kusema," yaya akasema, akavuta sahani yake karibu. Lakini sombe aliiacha.

Mbio yake ya kwanza mtoto alikuwa wa mwisho. Sikutazama mlangoni. Ya pili alipata pointi moja, na nahodha alimgonga bega walipokuwa wanarudi, lile lililopona. Nikaanza kumweleza yaya rangi za helmeti, kwa sauti kubwa, ili anayesimama mlangoni asikie bila kuambiwa. Yaya akauliza kwa nini wanazunguka upande mmoja tu, kulia kumewakosea nini. Mpaka leo sijui.

Mbio ya tatu ndiyo ninayoiota. Mbele alikuwa nahodha. Nyuma yake mgeni mmoja wa helmeti nyeupe, na nyuma ya mgeni, karibu kiasi cha kumpapasa, mtoto wetu. Wakaingia kona. Gurudumu la mgeni likakwama kwenye udongo, akapinduka, akabaki amelala katikati ya njia kama gunia lililoanguka kutoka kwenye lori. Mjukuu wangu alikuwa anamwendea moja kwa moja. Hakuna pa kupita. Hakuna cha kushika.

Akailaza. Aliiangusha pikipiki yake mwenyewe kwa makusudi, ubavu chini, akaburuzwa nayo kwenye udongo, naye ameivuta upande kama mtu anayemvuta ng'ombe shingo. Ikasimama. Kati yake na kichwa cha yule mgeni palibaki nafasi ya mtu kutandika mkeka. Taa nyekundu zikawaka, mbio ikasimamishwa. Akainuka, na hakuiangalia pikipiki, hakujiangalia. Alikwenda kwa yule mtu wa timu nyingine, akapiga goti, akamshika mkono mpaka wahudumu wakafika. Mgeni akasimama, watu wakapiga makofi, wa nyumbani na wageni.

Mbio ikarudiwa bila yule aliyeanguka, ndivyo sheria yao ilivyo. Mtoto akarudi mstarini ana udongo mpaka ndani ya kola. Utepe ukaruka. Nahodha wa kwanza, mtoto wa pili, na kona ya mwisho shingo ya nahodha ikageuka kumtafuta, naye yupo hapohapo, bega kwa bega. Tano kwa moja. Mimi nilikuwa nimesimama na sikumbuki kuinuka.

Nilipogeuka, mwanangu alikuwa ameketi. Kwenye mkono wa sofa, nyuma ya yaya, mikono katikati ya magoti.

"Mimi nilikuwa na breki mbili," akasema. Hakuwa anamwambia yeyote. "Mtoto wa shule aliingia barabarani. Nikashika zote. Mtoto alipona. Lori la nyuma yangu halikushika."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa habari ya kovu. Miaka yote hiyo. Yaya alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akauweka juu ya goti lake, na tukaangalia mbio zilizobaki hivyo. Timu yetu ilishindwa siku hiyo, kwa pointi chache. Hakuna aliyejali pale sebuleni isipokuwa mimi.

Nje gari la arusi lilikuwa linapiga honi. Mke wa mwanangu alikuwa anatafuta viatu. Simu ikalia, mwanangu akaipokea mwenyewe. Mtoto alikuwa amefuta tabasamu lote usoni, anangoja hukumu, mama yake amesimama nyuma yake, mkono mdomoni.

"Yule uliyemshika mkono, amepona?" mjomba akauliza.

"Amepona, Mjomba. Anakula chipsi."

"Na wewe?"

"Nimechubuka."

Mwanangu akapumua. "Endelea. Lakini ukimaliza kila mbio, simu ya kwanza ni kwangu. Kabla ya Koko. Kabla ya mama yako."

Mama yake akakaa chini palepale kwenye saruji. Sijui kama ni kwa furaha au kwa hofu, na nadhani hata yeye hajui. Mimi nilishukuru, na papo hapo nikaona nimeibiwa. Simu ya kwanza ilikuwa yangu tangu alipoanza.

Sasa ndivyo tunavyoishi. Jumamosi naangalia mbio zote Okolona, kila kona, na baada ya hapo mwanangu ananipigia kutoka Columbus kunisimulia nilichokwisha kuona, na kunieleza helmeti nyekundu ni ya nani. Mimi niliyemfundisha. Ananiambia mtoto anafungua mafuta mapema mno akitoka kwenye kona. Namwacha aseme. Sauti hiyo sikuwa nimeisikia kwake tangu Uvira.

Na kwenye laini ya maombi, wiki iliyofuata arusi, yaya alianza kwa kukohoa. Akaombea wagonjwa, akaombea maharusi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayerudisha kitu dukani, "Bwana, zile breki tulizokuomba, kama ulikuwa umeshaanza kuzitengeneza, acha. Mpe mkono mwepesi, na wa mbele yake wasianguke."

Niliitikia amina kabla ya wote.