Mikono ya Daktari wa Baba

Baba yangu alitoka Kusini akiwa kijana, akaja kuchonga vinyago vya mpingo hapa Kipawa, na kazi hiyo ndiyo iliyotulea. Kwa hiyo alipoanza kuumwa kichwa kila akiinamia kazi, nyumba nzima iliingiwa na hofu. Zahanati walimtibu malaria. Baadaye wakasema presha. Jirani yetu akaninong'oneza kwamba mzee ana jini. Kisha siku moja magoti yakamlegea ghafla uani, akaanguka huku macho yake yakinitazama, akili timamu kabisa.

Nikampeleka hospitali kubwa. Daktari alikuwa dada wa rika langu.

"Shikamoo mzee. Kichwa kinakuuma zaidi ukifanya nini?"

"Nikiinama, mwanangu. Nikilala chali, kinatulia."

Hapo hapo akaacha kuandika, akaagiza kichwa kipigwe picha.

Picha zilipotoka alituita sote wawili. Katikati ya ubongo palikuwa na kifuko kidogo chenye ute mzito. Si saratani, alisema, na ni nadra kukiona. Lakini kilikaa penye njia ya maji ya ubongo. Kikiziba, maji yanajaa kichwani, na ipo siku yangeweza kumuua.

"Utakitoaje?" baba akauliza.

"Natoboa tundu dogo kwenye fuvu, naingiza kamera nyembamba, nakifuata kilipo."

"Wewe mwenyewe?"

"Mie mwenyewe, baba."

"Hebu nione mikono yako."

Niliona aibu, nikataka kumzuia. Daktari akainyoosha bila kusita. Baba akaishika, akaigeuzageuza kama afanyavyo kwa vijana wanaokuja kujifunza kuchonga.

"Haitetemeki," akasema. "Haya, fanya kazi yako."

Kifuko kilitoka chote. Siku za mwanzo baada ya upasuaji baba alikuwa akisahau, ananiuliza jambo lile lile asubuhi na jioni, nami namjibu upya kila mara. Taratibu kumbukumbu zikamrudia.

Mwezi uliopita kaka yangu alihamia nyumba yake mpya Madale. Baba akampelekea kigoda kizito cha mpingo alichokichonga baada ya kupona. Njia ya kufika pale inapanda mlima; nikataka kumpokea mzigo, akanikatalia, akapanda nacho begani hadi mlangoni. Jirani mmoja wa kaka akauliza mzee yule mwenye nguvu vile ni nani.

"Baba yangu," nikamjibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.